Kona ya Kompyuta: Kabla hujatoa hela, bonyeza kwanza

Toleo lililopita nilijibu swali moja dogo la mzee ambaye macho yamepungua nguvu na bado anataka kusoma magazeti kwenye kompyuta, nikajibu kwa mistari mitatu nikajua limeisha. Kumbe nimegusa watu wengi. Meseji zimekuja za wazazi, walimu, makarani, wenye stesheneri, na karibu wote wanauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti, kwamba hivi mtu mwenye ulemavu anaweza kutumia kompyuta ya kawaida, hii hii tunayotumia wote? Anaweza jamani. Na sehemu kubwa ya vitu anavyohitaji vimo tayari ndani ya mashine, vimelala tu hakuna aliyeviamsha. Toleo hili lote nawapa wao, majina nimeyaweka pembeni.

SWALI: Mwanangu habari za kazi. Mimi ni mama wa huku Tabora. Kijana wangu ana miaka 19, alikuwa kidato cha nne presha ya macho ikamshika na sasa haoni kabisa, anashinda ndani na redio. Nimeuza tumbaku nikapata hela kidogo nikaenda dukani kuulizia kompyuta ya wasioona, wameniambia inaagizwa nje ni milioni nne na nusu na nitangulize nusu. Nikaona nikuulize wewe kwanza.

JIBU: Shikamoo mama. Pole sana kwa yaliyomkuta kijana, na nashukuru umeuliza kabla hujatoa hiyo hela. Usitoe. Hakuna haja ya kompyuta ya wasioona, kompyuta ni hii hii ya dukani, kinachoongezwa ni programu moja inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye kioo, inaitwa kisoma skrini, na kwa mfuko wetu iliyo nzuri ni NVDA ambayo ni ya bure. Sio bure ya siku 30, ni bure moja kwa moja. Aliyeianzisha mwaka 2006 ni Michael Curran wa Australia, yeye mwenyewe haoni, akaungana na mwenzake James Teh ambaye naye haoni, maana visoma skrini vilikuwa vinauzwa bei ambayo unapata kompyuta nyingine nzima. Ipo nyingine maarufu inaitwa JAWS, ya tangu 1989, ni nzuri na maofisini inatumika sana ila leseni yake ni ghali, na ukiiweka bila kulipia inafanya kazi dakika 40 halafu mpaka uzime mashine uwashe upya. Kijana aanze na NVDA.

Sasa hela yako itumie hivi. Tafuta laptopu iliyotumika, RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, iwe 8GB au ikishindikana 4, diski iwe SSD maana kisoma skrini kwenye diski ya zamani kinakwamakwama, na mtu asiyeona atajuaje kama mashine imeganda au bado inatafuta? Kioo usikihangaikie, kikiwa na mstari au mwanga hafifu wewe omba wapunguze bei hapo hapo, yeye hakihitaji. Angalia kibodi. Batani zote ziwepo, pasiwe na iliyolegea, halafu pitisha kidole juu ya F na J usikie kama vile vimstari vidogo vya kugusa bado vipo, mashine zilizochoka huwa vimelika. Jaribu spika na tundu la hedifoni. Ukiona ina Windows 7 achana nayo, NVDA za sasa haziingii humo.

Hili nakuambia nimelipitia nyumbani kwetu mama. Mdogo wangu wa kiume alipoteza macho akiwa na miaka 22, na siku ya kwanza tulipokaa na laptopu nilimshika vidole viwili vya shahada nikaviweka juu ya F na J. Akanyamaza, akawa anasuguasugua, akaniuliza "dada, hivi hivi vimstari vilikuwepo siku zote?" Alikuwa ametumia kompyuta miaka 6 na hajawahi kuvisikia. Kuanzia hapo mausi niliichomoa nikaifungia kabatini, kila kitu kibodi, na jioni mbili za mwanzo hatukufungua programu yoyote: unabonyeza Insert pamoja na 1, NVDA inaingia kwenye hali ya mafunzo, kila batani atakayogusa inamtajia jina lake na haifanyi kitu kingine, kwa hiyo hawezi kuharibu chochote. Baada ya hapo alijifunza tatu tu. Ctrl inainyamazisha, Insert na mshale wa chini inasoma mfululizo, Insert na F12 inamtajia saa. Hiyo ya saa aliipenda kuliko zote, alikuwa ameshachoka kuuliza watu saa ngapi.

Kuna sehemu moja ambayo wengi wanakatia tamaa. NVDA mara nyingi inaanza na sauti ya Kiingereza na Kiswahili kikisomwa kwa sauti ya Kiingereza hutoki na neno, mtu anasema programu mbovu anaifuta. Bonyeza Insert, Ctrl na S kwa pamoja, chagua eSpeak NG, halafu kwenye orodha ya sauti chagua ya Kiswahili. Ni sauti kavu kama inatoka kwenye debe, siku ya kwanza ataichukia, muombe aipe wiki mbili. Mdogo wangu leo ameiongezea kasi mpaka mimi ninayeona sishiki hata neno moja, yeye anasikiliza huku anajibu barua pepe za watu. Na hedifoni avae sikio moja tu, lingine liwasikie nyinyi.

Mtafute na Chama cha Wasioona Tanzania, TLB, hapo mkoani, maana mwalimu mzuri kuliko mimi ni mtu mwingine asiyeona ambaye anaitumia kila siku. Na mama yangu, akikwama usimnyang'anye kibodi, hata akichukua dakika kumi kufungua faili moja muache aifungue.

SWALI: Dada mambo. Nipo Mwanza, nacheza gemu kwenye PC na nikibonyeza Shift harakaharaka inalia halafu kinatokea kiboksi, nikikiklik Yes basi kibodi inakuwa ya ajabu. Ni virusi? Naviondoaje?

JIBU: Sio virusi, usiformati mashine ya watu. Hiyo inaitwa Sticky Keys, inaamka ukibonyeza Shift mara 5 mfululizo. Kuzima hiyo njia ya mkato ingia Settings, Accessibility, Keyboard, ondoa alama. Ila nikuombe usome kwanza ni ya nani. Kuna mtu ana kidole kimoja tu kinachofanya kazi, au anaandikia fimbo aliyoishika mdomoni, huyo hawezi kushikilia Ctrl na huku anabonyeza herufi nyingine, kwa hiyo Sticky Keys inamruhusu abonyeze moja, aachie, ndio abonyeze ya pili, na kompyuta inazihesabu kama zimebonyezwa pamoja. Na imewekwa kwenye Shift mara 5 kwa sababu mtu wa namna hiyo akikuta mashine ngeni lazima aweze kuiwasha mwenyewe bila kumuomba mtu. Kazi hii ilifanywa na watu wa Trace Center kwenye Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Marekani, wakiongozwa na Gregg Vanderheiden, na imo ndani ya Windows tangu Windows 95. Kama PC ni yako peke yako zima. Kama ni ya shule au ya cyber, acha kama ilivyo.

SWALI: Habari dada. Mimi ni karani hapa Dodoma, mwaka jana nilipata ajali ya bodaboda na mkono wa kulia ukakatwa juu ya kiwiko. Nilikuwa nachapa bila kuangalia kibodi, sasa natumia kushoto tu, nikitaka herufi kubwa nainama nabonyeza Shift kwa kidevu. Ofisi wamenihamishia kwenye mafaili ya makaratasi. Nafikiria niache nifungue stesheneri yangu, lakini stesheneri bila kuchapa ni stesheneri gani?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na hiyo kazi ya kuchapa bado ni yako. Kidevu kipumzike kuanzia leo. Soma jibu la huyo kijana wa Mwanza hapo juu, washa hiyo Sticky Keys, bonyeza Shift mara moja uachie kisha herufi, na ukibonyeza Shift mara mbili inabaki imeshika mpaka uibonyeze tena, yaani kichwa cha barua chote unakiandika kwa raha.

Vidole vyako vinne vya kushoto usiviache pale vilipozoea kukaa, yaani A S D F, huko vinasafiri mbali sana kufika upande wa pili. Vihamishie katikati, vikae juu ya F G H J, na kibodi isogeze kidogo ili katikati yake iwe mbele ya bega lako la kushoto. Wiki mbili za kwanza utaona unarudi nyuma na utakasirika, ni kawaida, vidole vinasahau mtaa wa zamani. Kuna mpangilio wa kibodi wa mkono wa kushoto unaoitwa Dvorak na upo ndani ya Windows bure, watu watakuambia uutumie. Mimi kwa karani sikushauri, maana siku ukikaa kwenye mashine ya mwenzako unaanza moja.

Mausi ibadilishe iwe ya mkono wa kushoto, kwenye setingi za mausi chagua batani kuu iwe ya kulia, ili kidole cha shahada ndio kiwe cha kubofya. Na ukichoka kuhama kati ya kibodi na mausi, bonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock, zile namba za pembeni zinakuwa mausi: 8 inapanda, 2 inashuka, 5 inabofya.

Halafu kuna hii ambayo makarani wengi wenye mikono miwili hawaijui. Kwenye Word kuna AutoCorrect, ile inayosahihisha makosa yenyewe. Unaweza kuifundisha vifupisho vyako. Mwambie kwamba ukiandika jmt yeye aandike Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ukiandika yhh aandike Yah: husika na kichwa cha habari hapo juu, weka na jina la mkurugenzi na anuani yote ya ofisi. Barua zetu za kiofisi maneno ni yale yale, ukishamfundisha vifupisho hamsini unakuta robo ya barua inajiandika.

Kuongea pia inawezekana. Fungua Google Docs ndani ya Chrome, bonyeza Ctrl, Shift na S, chagua Kiswahili cha Tanzania, ongea. Kinaandika vizuri kuliko unavyotegemea ila majina ya watu na vijiji kinachemka, na nukta na mkato kwa Kiswahili hakiweki, utaziweka mwenyewe. Inataka bando na sehemu tulivu, kwa hiyo ni ya rasimu ndefu, sio ya ofisi yenye watu saba wanaongea.

Kuhusu kuacha kazi, usiache bado. Jifunze miezi miwili, halafu omba dakika tano kwa bosi, chapa barua moja mbele yake mwanzo mpaka mwisho. Watu wengi wanamhamisha mtu kwa kudhani, hawajawahi kuona. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, kwa hiyo wewe sio mzigo kwao, uko ndani ya hesabu ya sheria. Na kama stesheneri bado iko moyoni, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotolewa kama mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ndani yake ni ya watu wenye ulemavu. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako ukaulize utaratibu wao.

SWALI: Shikamoo dada. Nasoma chuo Mbeya, mimi nina ualbino. Nikisoma kwenye laptopu pua inakaribia kugusa kioo, macho yanauma na shingo ndio usiseme. Rafiki yangu alinipunguzia resolution maandishi yakawa makubwa lakini yana ukungu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Rudisha resolution ilivyokuwa, ndiyo inaleta ukungu. Ingia Settings, Accessibility, Text size, hapo maandishi yanakua mpaka asilimia 225 na yanabaki makali. Kwa vitu ambavyo havikui, kama picha na ramani, bonyeza batani ya Windows na alama ya kujumlisha, kikuzio kinafunguka, endelea kujumlisha mpaka uone, ukimaliza Windows na Esc. Kikuzio kikiwa wazi bonyeza Ctrl, Alt na I, rangi zinageuka, karatasi nyeupe inakuwa nyeusi na maandishi meupe. Kwa macho yanayoumizwa na mwanga hiyo ndiyo inaleta ahueni kubwa, watu wengi wenye ualbino niliokaa nao wakishaiona hawarudi nyuma. Mshale wa mausi ufanye mkubwa na wa njano.

Shingo sasa. Usikae umeelekea dirisha wala dirisha lisiwe nyuma yako likapiga kwenye kioo, kaa nalo ubavuni. Panga vitabu chini ya laptopu mpaka kioo kije usawa wa uso wako na ununue kibodi ya nje ya bei nafuu, yaani kioo kikufuate wewe, usikifuate. Ukumbini usijilazimishe kusoma projekta, muombe mhadhiri slaidi kabla ya kipindi uzifungue kwenye mashine yako.

Na macho yakichoka, sikiliza. Fungua faili kwenye Edge, kile kivinjari kinachokuja na Windows, bonyeza Ctrl, Shift na U, kisha kwenye sauti chagua Kiswahili. Kuna Rehema na Daudi za Tanzania, na Zuri na Rafiki za Kenya. Zinahitaji intaneti, ila zinasoma kama mtu, sio debe kama ile niliyomtajia mama wa Tabora.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari, Moshi. Darasani nina mwanafunzi mmoja asiyeona, ana laptopu yenye NVDA. Kila wiki natuma notsi kwa PDF kwenye grupu, wenzake wanasoma, yeye anasema kwake faili ni tupu. Nimebadilisha simu, nimebadilisha programu ya kuskani, bado. Tatizo liko kwake au kwangu?

JIBU: Mwalimu, nakuheshimu sana kwa kuuliza, na jibu ni kwamba liko kwenye faili. Ukipiga picha daftari kwa simu ukaibadilisha kuwa PDF, wewe unaona maneno, kompyuta inaona picha. Ni sawa na picha ya ng'ombe. NVDA inatafuta herufi za kusoma haipati hata moja, inamwambia hakuna kitu. Kuskani kwa simu ya bei mbaya zaidi hakutabadilisha hilo, inabaki picha, tena nzuri.

Kupima ni rahisi. Fungua PDF yako, jaribu kuburuta mausi juu ya neno moja ulichague. Likichagulika ni maandishi. Kama ukurasa mzima unabaki kimya au unashikwa kama kipande kimoja, ni picha.

Notsi zilizochapwa kwenye karatasi zamani, zipandishe Google Drive, bofya faili kwa kulia, chagua ifunguke na Google Docs, itavuna maandishi kutoka kwenye picha. Kiswahili inakiweza, utakuta makosa kidogo utayasahihisha. Mwandiko wa mkono usitegemee sana. Kuanzia sasa notsi mpya zichape kwenye Word na umtumie hiyo Word yenyewe, sio PDF.

Na ukichapa, naomba jambo moja ambalo litamwokolea kijana masaa. Walimu wengi tukitaka kichwa cha habari tunakuza herufi na kukoleza, tunaona kimekaa vizuri. Kwa asiyeona hicho sio kichwa cha habari, ni mstari kama mistari mingine. Weka kishale kwenye huo mstari ubonyeze Ctrl, Alt na 1, vile vidogo vyake Ctrl, Alt na 2. Sasa yeye akiwasha hali ya kuvinjari kwa Insert na spesi, akibonyeza H anaruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine, kama mwenzake anavyofunua kurasa kutafuta mada. Bila hivyo akitaka mada ya nane inabidi asikilize saba zote. Nilikaa siku moja na binti wa kidato cha tatu akitafuta sehemu ya usanisinuru kwenye notsi za kurasa 40 ambazo hazikuwa na kichwa hata kimoja, alisikiliza dakika 25, hakulalamika, alishazoea, na mimi ndiye niliyetoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Michoro: bofya picha kwa kulia, kuna sehemu ya kuandika maelezo, andika kinachoonekana na kwa nini kipo. Usiandike "mchoro wa moyo". Andika damu inaingia wapi inatoka wapi, kama ambavyo ungemwambia kwa mdomo. Ukimaliza, kwenye Word upande wa Review kuna Check Accessibility, inakuonyesha ulichosahau.

Kule Kenya shirika la inABLE lilianza mwaka 2009 na maabara ya kompyuta kwenye shule ya wasioona ya Thika, na kilichonivutia kwao ni kwamba waliweka mashine pamoja na wakufunzi wa kukaa na watoto. Mashine bila mtu inaishia stoo. Wewe mwalimu tayari upo.

SWALI: Binti yangu ni kiziwi, yupo Morogoro anasomea ICT. Masomo mengi ni ya video na kompyuta ikitoa mlio wa kosa hajui. Kuna namna?

JIBU: Ipo mzee wangu. Mlio: Settings, Accessibility, Audio, hapo chagua kioo kiwake kila mashine inapolia. Video za Kiingereza: kama ana Windows 11, Windows, Ctrl na L inaleta maandishi chini ya kioo kwa sauti yoyote inayopita kwenye kompyuta. Kwa mwalimu anayeongea Kiswahili hiyo usiitegemee, tumia ile mbinu ya Google Docs niliyompa karani wa Dodoma, laptopu iwe karibu na mwalimu, binti anasoma yanavyotoka. Ila maandishi sio mkalimani. Kama lugha yake ya kwanza ni Lugha ya Alama, kusoma maneno yanayokimbia kunachosha, kwa hiyo chuo kiombwe mkalimani, na CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania, watawasaidia jinsi ya kuomba.

SWALI: Habari yako dada, nakuandikia kutoka Likoni, Mombasa. Mpwa wangu ana miaka 14, ana mtindio wa ubongo, mikono inarukaruka haitulii na maneno yake watu wa nje hawayaelewi. Akili anayo timamu, sisi twajua. Shuleni wasema hawezi tarakilishi, akigusa kibodi aandika herufi kumi kwa pamoja. Twaweza kufanya nini?

JIBU: Salama ndugu yangu, na asante kwa kumuamini mtoto. Anza na kiti kabla ya kompyuta. Miguu ikanyage chini au juu ya boksi, mgongo uegemee, viwiko vipate meza. Mtoto akining'inia, nguvu zote zinaishia kujizuia asianguke.

Halafu nenda kwa fundi wa mabango, wale wanaokata perspeksi. Mpelekee kibodi yenyewe, mwambie akate kipande cha kuifunika yote na atoboe tundu juu ya kila batani, kiwe kimeinuka kidogo kisiziguse. Mtoto analaza mkono mzima juu ya hiyo perspeksi bila kuandika chochote, halafu anaingiza kidole kwenye tundu la herufi anayoitaka. Hiki kifaa kinauzwa nje kwa bei ya juu na kazi yake yote ni matundu. Mwambie fundi asage kingo zisimkate.

Kisha shikilia Shift ya kulia sekunde 8, Filter Keys inaamka, ndani yake unaiambia kompyuta isihesabu batani iliyoguswa kwa bahati mbaya, ihesabu ile tu iliyoshikiliwa, kwa mfano, nusu sekunde. Zile herufi kumi zitapotea siku hiyo hiyo.

Ikiwa mikono haikubali kabisa lakini kichwa anakimudu, ipo programu ya bure ya Chuo cha Boston kule Marekani inaitwa Camera Mouse. Kamera ya laptopu inafuata alama moja usoni, ncha ya pua au nyusi, akigeuza kichwa mshale unakwenda, akitulia juu ya kitu inabofya. Iunganishe na kibodi ya kwenye kioo, Windows, Ctrl na O. Hiyo kibodi ina na hali ya kujipitisha yenyewe mstari kwa mstari, yeye anabonyeza batani moja tu ikifika anapotaka. Ni njia hiyo ya batani moja aliyotumia Stephen Hawking, mwanasayansi wa Uingereza, kwa msuli wa shavu, na programu yake Intel waliitoa bure kwa kila mtu mwaka 2015.

Kwa upande wa shule, Katiba yenu ya 2010 kifungu cha 54 inampa haki ya kupata vifaa vya kumsaidia, na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ndiko pa kuuliza. Nenda na mtoto, na nenda na ukurasa mmoja alioandika mwenyewe, hata ukiwa na mistari miwili.

SWALI: Nina cyber Kigoma, mashine 6. Juzi alikuja baba mmoja asiyeona anataka kujaza fomu ya mtandaoni, nikamjazia mimi, akanipa na neno lake la siri kwa sauti watu wakiwepo. Sikujisikia vizuri. Akirudi nifanyeje?

JIBU: Weka NVDA kwenye mashine moja leo, ile iliyo karibu na mlango na ukuta ili asipite katikati ya nyaya, na ufanye kila siku ianze pamoja na Windows au uweke njia yake ya Ctrl, Alt na N. Weka hedifoni hapo. Akija msalimie kwa jina lako ajue anaongea na nani, mpe kiwiko akushike yeye, usimvute, mkono wake uweke kwenye mgongo wa kiti halafu kwenye kibodi. Kama hajui NVDA na anataka umjazie, hamia naye kwenye hiyo mashine ya pembeni, msomee kila swali na kila ulichoandika, na ikifika sehemu ya neno la siri muonyeshe F na J zilipo, geuka, muache aandike mwenyewe.